Marani haihitaji kimya kingine

Jambo baya likitokea nchini, hakukosi mtu wa kupendekeza mishumaa. Mnakutana jioni giza linapoingia, kila mtu na mshumaa wake umezungushiwa kikaratasi cha kuzuia upepo, mnasimama kimya dakika chache, picha zinapigwa, mnapanda matatu mnaenda nyumbani. Kwa jumla sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na pendekezo moja ambalo haliishi kurudi: kwamba Marani, kule Kisii, pafanywe usiku wa mishumaa na kimya cha pamoja kwa ajili ya amani, kuwakumbuka akina mama wazee waliouawa baada ya kuitwa wachawi. Wanaolipendekeza ni vijana wenye roho safi, wengi wao wakiishi Nairobi, Nakuru au Eldoret, na nyumbani wanaenda Desemba na wakati wa mazishi. Nia yao naiheshimu. Pendekezo lenyewe ni baya.

Kwa asiyejua tunazungumzia nini: Marani si mbali na mji wa Kisii. Ni eneo la migomba na majani chai, vilima juu ya vilima, Probox zinazobeba watu kana kwamba sheria ya trafiki iliandikwa kwa nchi nyingine. Oktoba 2021, katika kijiji cha Nyagonyi, kundi la watu liliwaua wanawake wanne, mkubwa wao akiwa amepita miaka 80, na kuwachoma. Ilidaiwa kwamba walikuwa wamemroga mwanafunzi mmoja. Video zilizunguka kwenye simu kabla magazeti hayajafika, na nina hakika kuna watu wanaosoma makala hii waliozifungua.

Haikuwa mara ya kwanza. Mei 2008 watu 11 walichomwa katika wilaya ya Kisii ya Kati kwa tuhuma zilezile, wanawake 8 na wanaume 3. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na wimbi kubwa zaidi, kubwa kiasi kwamba msomi Justus Ogembo aliliandikia kitabu kizima, kikatoka mwaka 2006. Kwa hiyo tukisema Nyagonyi ilikuwa tukio la kushangaza tunajidanganya. Kila kizazi cha Gusii kimekuwa na mwaka wake.

Sasa, usiku wa amani. Nauliza: amani kati ya nani na nani?

Amani ni neno zuri mahali palipo na pande mbili. Mwanzoni mwa 2008, mpakani mwa Borabu na Sotik, pale Chebilat, kulikuwa na pande mbili. Wagusii na Wakipsigis walichomeana nyumba na maduka, kila upande ukazika watu wake, na kila upande ulikuwa na la kuujibu upande wa pili. Wazee wa pande mbili wakiketi pamoja mahali kama hapo, wakinywa maji ya mtungi mmoja, hiyo ni amani, na mtu akitaka kuiwashia mshumaa, nitamshikia kiberiti. Lakini Nyagonyi hakukuwa na vita. Kulikuwa na umati na wanawake wanne. Mama wa miaka 80 hana jeshi, hana wazee wa kumpatanisha na waliomfuata na rungu. Ukileta neno amani pale, umeshaunda upande wa pili ambao haukuwepo. Umesema kwamba nao walikuwa na sehemu yao katika ugomvi, na kwamba kinachohitajika ni watu kusameheana. Hivyo ndivyo wauaji wangependa jambo hili lielezwe. Kwa Ekegusii amani ni omorembe, neno tunalolipenda, na ndiyo maana naona vibaya likitumiwa kufunika kitu ambacho jina lake kwa lugha yoyote ni mauaji.

Halafu kuna kile kimya.

Dakika za kimya hazikuanguka kutoka mbinguni. Zilianza Cape Town mwaka 1918, meya wa mji alipowataka watu wasimame kila siku adhuhuri mzinga ukilia, kuwakumbuka waliokuwa wakifa vitani. Kutoka hapo wazo lilifika London, na tarehe 11 Novemba 1919 dola nzima ya Uingereza ikasimama kimya dakika mbili. Watu husahau jambo moja: wale waliokuwa wakikumbukwa majina yao yalikuwa yanachongwa kwenye mawe, katika kila mji na kila kijiji cha Uingereza, herufi kwa herufi. Mtu alinyamaza kwa sababu jiwe lilikuwa limeshasema.

Wa kwetu walipata kimya bila jiwe. Wapagazi wa Kariokor, wale waliobeba mizigo ya Waingereza kutoka pwani hadi Ruvuma wakafa kwa kuhara na malaria, wameacha jina lao kwenye soko la Nairobi na kwenye Kariakoo ya Dar es Salaam. Sanamu yao iko Kenyatta Avenue, imesimama pale tangu 1928, unapita hapo kila siku ukienda kazini. Haina orodha ya majina. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu zaidi ya 100,000, wengi wao Waafrika wa Mashariki na Wamisri, hawakuandikwa popote kwa majina. Karibu miaka mia ya watu kuvua kofia na kuinamisha vichwa kila Novemba, na hakuna aliyejua anamwinamia nani.

Kwa hiyo kimya kina kazi yake, lakini huja baada ya maneno. Aprili 2015, baada ya Chuo Kikuu cha Garissa kushambuliwa na watu 148 kuuawa, vijana walikusanyika Uhuru Park na misalaba na mishumaa, na kilichowapa nguvu ni kwamba walikataa nambari. Walibandika picha, waliandika majina, walieleza fulani alikuwa anasomea nini na alitoka kijiji gani. Mishumaa ile ilikuwa na maana kwa sababu kila mtu alikuwa tayari kusema wazi kilichotokea na nani alikifanya. Hakukuwa na mtu katika ule umati aliyekuwa akijiuliza kama labda wale wanafunzi walistahili.

Marani watakuwepo. Hapo ndipo tofauti ilipo. Waalike watu wa kijiji kwenye usiku wa mishumaa, na wengi watakuja, kwa sababu mkutano ni mkutano na pengine kuna soda. Watasimama na mishumaa. Mmoja atakuwa anaamini kabisa kwamba wale akina mama walikuwa abarogi na kwamba kijiji kimepumzika. Mwingine ni jirani aliyesikia kelele akafunga mlango. Mwingine ndiye aliyeenda kununua petroli. Wote watainamisha vichwa dakika tano, sawa kwa sawa, na hakuna anayeweza kujua nani ananyamaza kwa huzuni na nani ananyamaza kwa sababu ana wakili. Mauaji ya umati yana tabia hiyo: kila mtu alikuwepo, na hakuna aliyeona kitu. Kimya ndicho kinachowalinda. Halafu sisi tutoke Nairobi na basi la kukodi, twende tukawaongezee kingine, tukiite cha kiroho?

Kuhusu moto wenyewe sitasema mengi. Kumwambia mtoto wa mama aliyechomwa aje uwanjani ashike moto mdogo mkononi kwa ajili ya kumbukumbu, mtu angefikiria kidogo kwanza. (Na kwa sababu Gusii imejaa Wasabato, ambao mishumaa si desturi yao, sijui ni nani hasa aliyefikiria kwamba hiyo ndiyo lugha ya kule.)

Najua jibu. Nitaambiwa kwamba watu wa kijiji wanaogopa, kwamba anayesema sana naye hugeuziwa kibao akaitwa mchawi, kwamba mshumaa ni hatua ya kwanza kwa mtu asiyeweza kusema. Sehemu ya kwanza ni kweli tupu. Mjane jirani ya nyumba iliyochomwa hawezi kusimama kwenye baraza la chifu akataja majina, kisha arudi kulala peke yake kwenye nyumba ya mabati yenye mlango wa kitasa kimoja. Nchi hii ina Sheria ya Kulinda Mashahidi tangu 2006 na shirika lake lipo Nairobi, lakini mama wa kijijini atalifikiaje? Hakuna mtu mwenye akili anayemdai huyo mama aongee.

Ninayemdai ni wewe.

Wewe uko Roysambu, Rongai, Doha au Minneapolis. Hakuna atakayekuja usiku kuchoma nyumba yako. Uko kwenye grupu la WhatsApp la familia, na la ukoo, na la waliosoma shule moja, na unajua vizuri kwamba tuhuma haianzi na umati. Umati ni siku ya mwisho. Inaanza miezi mingi kabla, kwa maneno madogo. Mtoto wa fulani amefeli mtihani na alikuwa mwerevu. Ng'ombe amekufa. Kijana amerudi kutoka mjini hazungumzi vizuri. Mtu anaandika, "Tunajua kazi ya nani hiyo." Mwingine anaongeza, "Yule mama alionekana saa nane za usiku." Zinakuja zile emoji za mikono ya kuomba, kumi na tatu hivi. Baba mdogo anasema Mungu atatenda. Kisha mtu anatuma tangazo la mchango wa harusi na mazungumzo yanaendelea. Wewe umesoma yote, alama mbili za buluu zinaonekana, na hukuandika kitu. Kimya cha pamoja hicho hapo. Tumekuwa tukikifanya kila wiki bila mishumaa.

Na huyo mama aliyeonekana saa nane za usiku, kuna aliyeuliza kwa nini? Wazee hupoteza kumbukumbu. Ni ugonjwa, unajulikana, una jina hospitalini: mtu anaamka usiku akidhani bado ana miaka thelathini, anatoka kwenda kisimani palipokuwa na kisima mwaka 1968, anasahau nguo, anapotea, anapatikana asubuhi kwenye boma la watu akiongea peke yake. Ukiwa Kileleshwa unatafutiwa nesi wa kukaa nawe. Ukiwa kijijini Gusii, umekamatwa ukiroga. Kule Usukumani, Tanzania, vikongwe waliuawa miaka na miaka, na moja ya dalili za uchawi zilizotajwa ni macho mekundu. Macho mekundu! Mwanamke aliyepikia kwa kinyesi cha ng'ombe na kuni mbichi ndani ya nyumba isiyo na dirisha kwa miaka 60, ulitaka macho yake yawe na rangi gani?

Halafu kuna shamba, ambalo mishumaa haiwezi kuligusa kabisa. Kaunti ya Kisii ina zaidi ya watu milioni 1.2 kwa sensa ya 2019, zaidi ya 900 kwa kila kilomita moja ya mraba, na hao si watu wa magorofa, ni wakulima. Shamba la babu limegawanywa kwa wana, la wana likagawanywa kwa wajukuu, na sasa kuna watu wanaorithi mistari minne ya chai na nafasi ya kaburi. Katikati ya hayo kuna mjane. Sheria ya Urithi inampa haki ya kukaa kwenye ardhi ya mumewe maisha yake yote. Kumfukuza kwa sheria huwezi. Kumwita mchawi ni bure. Sisemi kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa Nyagonyi, hiyo ni kazi ya mahakama. Nasema tu kwamba ukisikia mzee anaitwa mchawi, swali la kwanza la mtu mwenye akili linapaswa kuwa: ana ekari ngapi, na anayesema hivyo shamba lake linapakana na la nani? Pwani swali hilo wamelijua muda mrefu. Ganze, kaunti ya Kilifi, kuna Kaya Godoma, mahali ambapo wazee waliotishiwa kuuawa kwa tuhuma za uchawi wamekuwa wakikimbilia wapate kulala salama. Pale hawakuanza na kimya. Walianza na kitanda, na unga, na mtu wa kupokea simu. Ukihesabu basi la kukodi, fulana zilizochapishwa, tenti, spika na MC wa ule usiku wa amani, unapata unga wa miezi mingi.

Sheria yenyewe ipo, tena ni ya kushangaza. Sheria ya Uchawi, sura ya 67, ni ya mwaka 1925. Ni ya mkoloni na imejaa dharau ya mkoloni, na kila baada ya muda mtu husema ifutwe. Lakini ndani yake kuna kifungu ambacho watu wengi hawajawahi kukisikia: kumtuhumu mtu kuwa mchawi ni kosa la jinai, isipokuwa kama umepeleka tuhuma hiyo kwa polisi, chifu au mtu mwingine mwenye mamlaka. Soma tena. Yule anayeshika kipaza sauti kwenye mazishi na kusema, "Aliyemla huyu kijana yuko hapa hapa, anakula wali wetu," anafanya kosa pale pale, mbele ya chifu, mbele ya mheshimiwa, mbele ya pasta. Mazishi ya kwetu yana watu mia tano na kamera inayorusha moja kwa moja mtandaoni. Ushahidi umejaa. Umewahi kusikia mtu amekamatwa akishuka jukwaani? Chifu mwenyewe anakuwa anatikisa kichwa kukubaliana.

Dunia nayo ina maneno yake. Tarehe 10 Agosti imekuwa siku ya kupinga uwindaji wa wachawi tangu 2020, ilianzishwa na shirika la Kikatoliki la Ujerumani, missio la Aachen. Julai 2021 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, kule Geneva, lilipitisha azimio la kwanza la aina yake dhidi ya ukatili unaotokana na tuhuma za uchawi. Miezi mitatu baadaye ikawa Nyagonyi. Sisemi hivyo kulicheka azimio. Nasema azimio halikufika kwenye grupu la familia, na nani mwingine angelifikisha kama si wewe unayesoma Kiingereza chao kazini kutwa nzima?

Ajabu ni kwamba kizazi hiki kinajua haya yote. Juni 2024 hakuna aliyeshawishika na wito wa kunyamaza kwa ajili ya amani. Viongozi walikuwa wakiimba wimbo wa amani kila siku na vijana waliuelewa vizuri, walijua una maana ya kurudi nyumbani. Rex Masai alipopigwa risasi Nairobi tarehe 20 Juni, jina lake halikuachiwa kupotea: lilichorwa, likaimbwa, likapelekwa hadi Mahakama ya Milimani, na watu wakafuatilia uchunguzi wa kifo chake tarehe baada ya tarehe. Hasira hiyo iko wapi mwuaji akiwa si polisi? Kumpigia serikali kelele ni rahisi kuliko kumpigia kelele baba mdogo, hilo nakubali. Serikali haikulipii fimi za harusi, haikukuombea wakati unafanya mtihani. Lakini yule magokoro naye hakuwa mgeni. Kuna uwezekano mkubwa alikulisha ndizi za kuchemsha siku ambayo kwenu hakukuwa na mtu.

Kwa hiyo nikiulizwa badala ya mishumaa tufanye nini, kwanza nitasema mnaoenda kwenye mazishi Jumamosi, mkisikia yale maneno kwenye kipaza sauti, msiangalie chini. Washeni kamera. Kesho yake video iende kituo cha polisi ikiwa na barua, na barua iwe na nakala, na nakala iwe na muhuri wa siku iliyopokelewa. Ni kazi ya kuchosha, haina picha nzuri. Wenye muda wafuatilie kesi za aina hii katika mahakama ya Kisii, wakae tu kwenye benchi la nyuma. Shahidi anayeona sura mbili za kirafiki huongea tofauti na shahidi anayeona ukoo wa mshtakiwa umejaza chumba. Walio na wazee nyumbani wawapeleke kliniki kabla ya majirani kuwatambulisha kwa jina lingine. Na wanasheria wetu, Gusii ina wanasheria wengi kuliko ina barabara, watafute mjane mmoja mmoja wa kumfungulia kesi ya urithi kabla shamba halijawa sababu.

Na grupu la familia. Leo usiku kuna mtu ataandika kitu kuhusu mama fulani. Usimtukane, usimwandikie insha ya haki za binadamu, hatasoma. Muulize tu, kwa heshima: Baba mdogo, nani alimwona? Saa ngapi? Yeye mwenyewe alikuwa anafanya nini nje saa hiyo? Huyo mtoto anayeumwa, amepelekwa hospitali gani na daktari alisemaje? Huyo mama anakaa na nani? Pengine utatolewa kwenye grupu. Mwambie dada yako akurudishe, kisha uulize tena, na safari hii uandike jina kamili la yule mama, na useme ni mke wa nani, na watoto wake ni kina nani, na wangapi kati ya waliomo humo ndani aliwahi kuwabeba mgongoni.